Kijiti Kimoja: Uhakiki wa Brosheti za Buyenzi

Wengi wetu darasani tunatazama sizoni za Kikorea zilizosimuliwa kwa Kiswahili kutoka Tanzania. Karibu kila sizoni ina kipande kilekile: watu wanne au watano wamezunguka meza yenye jiko katikati, mmoja anageuza nyama, mwingine anaikata kwa mkasi, na maneno yaliyoshindikana kusemwa ofisini yanasemwa hapo. Wenzetu huuliza mbona Bujumbura hatuna mahali pa namna hiyo. Jibu langu ni kwamba tunapo. Tunapita mbele yake kila jioni, na kwa kuwa ni kwa jirani hatudhani kwamba panastahili kuhakikiwa.

Makala hii inahakiki mahali pamoja pa kula brosheti katika mtaa wa Buyenzi, ambapo nimekula mara nyingi tangu mwaka wangu wa kwanza wa masomo. Sitapataja jina. Mengi nitakayoyasema yanahusu sehemu nyingi za aina yake, na sipendi lawama zangu zimharibie mtu riziki. Nitapima mambo manne: moto, kijiti, watu waliokaa mezani, na lugha iliyoandikwa ukutani.

Nianze na moto. Wakorea wana chakula kiitwacho bulgogi, na neno hilo maana yake ni nyama ya moto. Sisi tunasema nyama choma. Majina yanakaribiana, lakini kazi imegawanywa tofauti. Katika mikahawa mingi ya nyama choma ya Kikorea, mgeni huletewa nyama mbichi akaichoma mwenyewe mezani, kisha akaifunga ndani ya jani la letusi na kuila pamoja na kimchi na vitoweo vingine vidogo. Huko mlaji ni mpishi pia. Buyenzi mlaji ni hadhira. Jiko refu la chuma limewekwa nje, kando ya barabara, na mchomaji anasimama nyuma yake akiwa na kisu, chumvi na kipande cha boksi cha kupepea makaa.

Tusidhani kwamba hadhira hii imekaa kimya. Tumefundishwa kuwa katika fasihi simulizi fanani na hadhira hukutana ana kwa ana, na hadhira ina haki ya kuingilia kati. Ndivyo ilivyo hapa. Mzee mmoja atasema, "Hiyo ya kwangu iache iungue kidogo." Kijana wa gereji, mikono yake ingali na grisi, atanyoosha kidole kuchagua paja analolitaka kabla halijakatwa. Mchomaji anajibu, anatania, anabadilisha mpangilio wa vijiti. Hakuna ukuta wa jikoni unaoficha kitu. Nyama inaning'inia, inakatwa, inatungwa na kuchomwa mbele ya macho ya anayeilipia.

Uwazi huo una thamani kuliko tunavyofikiri. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia katika mifugo nchini, kila mtu alianza kuuliza nyama imetoka wapi. Mkahawa wenye jikoni iliyofungwa unaweza tu kumwambia mteja aamini. Mchomaji wa barabarani anaweza kuulizwa usoni, naye lazima ajibu usoni, kwa sababu kesho atakuwa palepale. Kwa kipimo cha moto, basi, ninapapa mahali hapa alama za juu. Kasoro ni moja, na si ndogo: moshi wote unamwendea mchomaji. Sisi tunakaa upande ambao upepo unatusaidia, yeye anasimama saa nyingi macho yakimtoka machozi. Bati lingeinuliwa kidogo, au jiko lingegeuzwa, angepumua. Mlaji anayesifu harufu ya moshi amkumbuke anayeuvuta.

Sasa kijiti. Katika mikahawa mingi ya Kikorea, oda ya nyama ya kuchoma mezani huanzia sehemu za watu wawili. Asiye na mwenzake hupata shida kuhudumiwa. Brosheti haina sharti hilo. Kijiti kimoja ni chakula, na mtu mmoja ni mteja. Mwanafunzi mwenye pesa za kijiti kimoja na ndizi mbili anakaa benchi lilelile na mfanyabiashara aliyeagiza vijiti kumi. Mwisho wa kula, vijiti vilivyo kwenye sahani vinahesabiwa na hesabu inajulikana. Hakuna anayemtazama mwenye kijiti kimoja kwa jicho baya, kwa sababu kila mmoja pale amewahi kuwa na siku ya kijiti kimoja.

Hii ndiyo sifa ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyo hatarini. Bei ya vitu mjini imepanda mno katika miaka hii, mafuta ya gari yamekuwa ya kupanga foleni, na nyama inafika Bujumbura kwa gari. Mwenye duka ana njia mbili: kupandisha bei ya kijiti, au kuacha bei karibu ilipokuwa na kupunguza kilichomo. Mahali ninapopahakiki pamechagua njia ya pili. Kijiti hakijafupishwa, lakini vipande vya nyama vimepungua, na kati yake vimeingia vitunguu vingi na mafuta. Ukikitazama kwa mbali kinajaa. Ukikila unagundua kwamba umelipia upana wa kitunguu.

Najua kuna watakaosema kwamba hilo ni jambo la biashara na si la uhakiki. Sikubaliani nao. Kijiti ni kipimo, kama kibaba kilivyokuwa kipimo cha nafaka, na kipimo kikiharibika mapatano kati ya muuzaji na mnunuzi yanaharibika. Ningependa zaidi bei ipande waziwazi, mteja aamue, kuliko kijiti kidanganye macho. Moto wa wazi na kijiti cha siri haviendani.

Kuhusu ladha yenyewe nitasema kwa ufupi. Mbuzi ndiye bora. Anatiwa chumvi tu, pilipili na ndimu huja pembeni, na huyo anayemchoma anajua kumwacha akakauka nje bila kuwa mgumu ndani. Maini huchelewa kutolewa motoni na huwa kama kifutio. Ndizi za kuchoma ni tamu zikiletwa pamoja na nyama, lakini mara nyingi hutangulia, zikapoa, zikawa kazi ya meno. Siku wanapopata mukeke kutoka ziwani, achana na nyama. Samaki huyo wa Tanganyika ana mafuta yake mwenyewe, na akichomwa mzima juu ya makaa, akaliwa kwa mkono na bugali, hakuna kitoweo cha mtaa huu kinachomfikia. Bia haiuzwi hapa, kwa kuwa mwenyewe ni Mwislamu kama walivyo wakazi wengi wa Buyenzi. Anayetaka Primus atavuka kwenda mitaa mingine. Mimi naona soda na chai ya tangawizi zinatosha, na mazungumzo huwa marefu zaidi.

Kipimo cha tatu ni watu. Msomaji ajue historia ya mtaa wenyewe. Buyenzi ilikua wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, mji ulipoitwa Usumbura, kama makazi ya wale walioitwa Waswahili: wafanyabiashara, mafundi na Waislamu wenye asili za mahali pengi, wakiwemo waliotoka Kongo na Tanganyika. Katikati ya miaka ya 1990, vita vilipoigawa mitaa mingi ya Bujumbura kwa makabila, Buyenzi ilibaki miongoni mwa mitaa michache ambamo watu waliendelea kuchanganyika, ingawa nayo haikuepuka kumwagikiwa na damu. Kwa hiyo ukiona leo benchi moja limekaliwa na watu ambao wazazi wao wangeweza kuogopana, usilione kama jambo la kawaida.

Hata hivyo nataka kupinga usemi unaopendwa, kwamba nyama choma inaleta amani. Watu hula pamoja kwa sababu wameshakubali kukaa pamoja, na kukubali huko kulifanywa majumbani, visimani na misikitini, kwa gharama, na watu ambao hawakuwa wakila brosheti. Tukiisifu meza kwa kazi iliyofanywa na majirani, tunawanyima majirani sifa yao. Meza inaonyesha amani ilipo. Haiwezi kuipika.

Meza inaonyesha pia amani isipofika. Wanawake hapa wako nyuma. Wao ndio wanaomenya ndizi, wanaosonga bugali, wanaoosha sahani. Mbele, kwenye mabenchi, jioni karibu wote ni wanaume. Msichana anayetaka brosheti hununua akafungiwa kwenye karatasi, akaondoka. Jioni moja mimi na wenzangu wawili wa kike tuliamua kukaa. Hakuna aliyetufukuza, na nisiseme uongo, hakuna aliyetutukana. Mhudumu alikuja akauliza kwa heshima, "Dada zangu, mnasubiri nani?" Mwenzangu akamjibu, "Tunasubiri nyama, kaka." Watu wa meza ya pili walicheka, mchomaji naye akacheka, na vijiti vyetu vikatangulia kutoka. Kicheko kile kilikuwa kizuri. Lakini swali lililokizaa lilikuwa na dhana ndani yake: kwamba mwanamke aliyekaa mezani lazima kuna mwanamume anayekuja kumhalalishia kiti. Mchana tunakaa nao darasa moja, tunafanya mtihani mmoja. Benchi la jioni halijapata habari hiyo. Tumeendelea kwenda, na sasa hatuulizwi tena. Wanawake wengine wakija bado wanaulizwa.

Nimalizie na lugha, maana hapo ndipo sisi wa somo la Kiswahili tunapohusika moja kwa moja. Pale ukutani pana ubao wa bei. Umeandikwa kwa Kifaransa, kuanzia mbuzi mpaka ndizi. Chini ya ubao huo, sijawahi kusikia mtu akiagiza kwa Kifaransa. Watu huagiza kwa Kiswahili cha Buyenzi, wakichanganya Kirundi wanapotaka kubembeleza au kulalamika. Ubao unasemwa na mtu asiyekuwepo kwa watu wasiousoma.

Sababu yake tunaijua. Katika nchi yetu neno Mswahili limetumika kwa muda mrefu kumaanisha mtu mjanja, mwenye maneno mengi, asiyeaminika. Mwenye duka anayetaka aonekane mtu wa maana haandiki kwa lugha ambayo jina lake ni tusi. Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kilianza kupata hadhi mpya: kikafundishwa shuleni, kikawa lugha ya biashara na majirani. Lakini hadhi hiyo ilikwenda kwa Kiswahili cha vitabu. Mimi nimesahihishwa kwa kalamu nyekundu kwa kuandika brosheti badala ya mishikaki, na ninaelewa mwalimu alikuwa akifanya kazi yake. Hata hivyo mishikaki ukiitaja Buyenzi wataelewa kwamba umetoka Dar es Salaam au umetoka darasani. Brosheti ni neno la Kifaransa lililokaa kwetu mpaka likapata ngeli: brosheti yangu imechelewa, brosheti zetu zimeungua. Kiswahili kilivyopokea meza kutoka kwa Wareno na kitabu kutoka kwa Waarabu, ndivyo kilivyopokea brosheti kutoka kwa wakoloni wetu. Sioni kwa nini maneno ya wageni wa zamani yawe lugha na ya wageni wa jana yawe makosa.

Hukumu yangu kwa jumla ni hii. Moto wa mahali hapa ni mwaminifu na mbuzi wake ni mtamu. Kijiti chake, ambacho ndicho kinachompa maskini haki ya kukaa, kimeanza kudanganya na kinapaswa kurekebishwa kabla wateja hawajazoea. Mabenchi yake yako wazi kwa makabila yote na nusu wazi kwa wanawake. Ubao wake unawaonea aya wateja wake wenyewe. Nimemwambia mwenyewe juu ya ubao. Alisikiliza, akasema kwamba maandishi yameanza kufutika na atahitaji mtu wa kuyaandika upya, mtu anayejua tahajia. Wanafunzi wa Kiswahili tuko wengi mji huu, na rangi si ghali. Ninapendekeza tuandike brosheti ya mbuzi, kwa herufi kubwa, na chini yake idadi ya vipande vilivyomo.