Fito za Lavenham

Usiku wa kwanza nilidondosha sarafu. Ilianguka karibu na mlango, ikasimama kwa ukingo wake, ikaanza safari: ikapita chini ya kiti, ikakwepa mguu wa kitanda, ikaenda kugonga ukuta wa upande wa dirisha. Sakafu ya chumba kile imelala upande kama sitaha ya jahazi lenye upepo mwingi kwenye tanga. Mwenye hoteli alikwishazoea. Chini ya miguu miwili ya kitanda alikuwa ameweka vipande vya mbao, kimoja kinene kuliko kingine, mgeni asije akalala kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Mlango wa bafu nao umekatwa mshazari. Ukiutazama peke yake utasema fundi alikuwa amelewa. Ufunge, uone ulivyokaa kwenye fremu yake kama mfuniko na chungu.

Hapo ni Lavenham, kijiji cha Suffolk, mashariki ya Uingereza. Nilikuwa na shughuli zangu Cambridge, zikabaki siku mbili, nikapanda basi la kutoka Bury St Edmunds kwa sababu tu rafiki aliniambia huko kuna nyumba zilizopinda na bado watu wanalala ndani. Hoteli yenyewe ni ndogo, vyumba sita, katika nyumba iliyojengwa karne ya 15. Nilifika nimejiandaa kustaajabia ukale. Sikujiandaa kukutana na nyumba ya bibi yangu.

Kwanza nieleze kwa nini nyumba hizo zipo mpaka leo, maana sababu yake inachekesha kidogo. Lavenham ilitajirika kwa sufu. Wafumaji wake walitengeneza kitambaa kizito cha buluu, kikauzwa mpaka nje ya nchi, na mwanzoni mwa karne ya 16 kijiji hiki kilikuwa miongoni mwa miji tajiri kabisa ya Uingereza. Mfanyabiashara mmoja, Thomas Spring, aliyefariki mwaka 1523, aliacha mali ya kutosha kusaidia kuinua mnara wa kanisa unaoonekana kutoka mbali mashambani. Kisha soko likageuka. Watu wakataka kitambaa chepesi, cha bei nafuu, na wafumaji wa Colchester na wageni kutoka Uholanzi wakakijua zaidi. Pesa ikahama. Wenye nyumba wa Lavenham hawakuwa tena na uwezo wa kubomoa na kujenga kwa mtindo mpya wa matofali kama walivyofanya wenzao wa miji mingine. Wakabaki na walichonacho, wakiziba hapa, wakiegemeza pale. Leo watalii wanalipa kulala ndani ya kile ambacho wenyewe walishindwa kukibadilisha.

Asubuhi nilishuka ngazi, nikagonga kichwa kwenye boriti (nilikuja kukigonga mara nne kwa siku mbili, na sioni aibu kusema), nikaanza kutazama mbao. Nyumba imesimama kwa mwaloni. Seremala wa zama zile hakungoja mti ukauke. Mwaloni mkavu ni mgumu kama jiwe, unavunja moyo wa patasi, kwa hiyo aliuchonga mbichi, ungali na maji yake, kwa shoka na tezo. Alijua fika kwamba ukikauka utajikunja. Hilo halikumtisha, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Sisi tumefundishwa kwamba ufundi ni kuunyamazisha mti: ukaushe, uupige randa, uugundishe, usitikisike tena. Yeye alikubaliana nao. Alijenga nyumba ambayo ingeendelea kujipanga yenyewe miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Tazama anavyounga. Mwisho wa mhimili anachonga ulimi. Kwenye nguzo anachimba tundu la kuupokea. Kisha anatoboa tundu la kigingi, lakini analitoboa kwa hila: lile la kwenye ulimi liko kando kidogo ya lile la kwenye nguzo, tofauti ya milimita chache tu. Kigingi kikipigwa nyundo kinalazimika kupinda, na katika kupinda huko kinauvuta ulimi uzame mpaka mwisho wake. Mti ukikauka, kiungo kinazidi kukaza. Vigingi vyenyewe havikukatwa kwa msumeno. Vilipasuliwa kufuata nyuzi za mti, ndiyo maana havikatiki. Msumari wa chuma hakuutaka, na alikuwa na sababu: mwaloni una asidi inayokula chuma na kuacha doa jeusi kama wino uliomwagika. Kwenye nguzo moja karibu na meza ya mapokezi mtu wa baadaye alipiga msumari wa kutundikia kitu. Umekwisha kwa kutu, doa lake lipo. Vigingi vya jirani yake vipo vile vile, vichwa vimejitokeza nje kidogo, na ukipitisha kidole unavihisi vina pembe, si mviringo.

Karibu na kila kiungo kuna mikato midogo: mstari mmoja, miwili, mitatu, minne, kisha alama kama V. Ni namba za Kirumi. Fremu nzima iliungwa kwanza ikiwa imelazwa chini, pengine kwenye ua wa seremala, kila ulimi ukajaribiwa katika tundu lake, ukapewa namba, halafu ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye mikokoteni, ikaja kusimamishwa kiwanjani. Namba ya nne ameandika vistari vinne, hakujisumbua na utaratibu wa kitabuni. Patasi inapenda mstari ulionyooka, na aliyekuwa anasoma ni mwenzake mwenye nyundo.

Nje, kwenye kona ambapo ghorofa ya juu imetokeza juu ya njia, kuna nguzo ambayo niliizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Juu ni nene, chini ni nyembamba. Mti ulipinduliwa. Ile sehemu ya shina inayotanuka karibu na mizizi imewekwa juu, ibebe mihimili miwili ya pande mbili za nyumba na wa tatu unaokuja kwa mshazari kutoka ndani. Hakuna gundi wala chuma. Mtu aliingia msituni, akauona mti ungali umesimama, na kichwani mwake ukawa umeshageuka miguu juu.

Lakini nilisema juu ya bibi. Kwenye ujia wa ghorofa ya kwanza mwenye hoteli ameacha kidirisha cha kioo ukutani, upana wa karatasi ya kuandikia barua, ili wageni waone kilichomo ndani ya ukuta. Wageni wengi hupita. Mimi nilisimama pale mpaka mhudumu akaniuliza kama nimepotea. Ndani ya kioo kulikuwa na fito. Fito nyembamba, zingine bado zina maganda, zimesimamishwa, zimefungwa kwa kamba kwenye vijiti vya kulala, na juu yake udongo uliochanganywa na majani makavu. Udongo umekwaruzwa kwa kijiti ukiwa bado laini, mistari ya haraka haraka, ili chokaa ipate pa kushika.

Nyumba ya bibi kule Muheza ilikuwa hivyo hivyo. Wanaume walichimbia nguzo, wakafunga fito kwa kamba, wakapandisha mtambaapanya na makombamoyo. Kisha kazi ikawa ya wanawake na watoto, maji kutoka mtoni, udongo wa kichuguu uliokanyagwa mpaka ukashikana, na siku ya kukandika ikawa nusu sherehe. Bibi alituambia tukwaruze kabla haijakauka. Hata masizi niliyakuta. Chumba changu kilikuwa darini, na makombamoyo yake ya mwaloni ni meusi, kwa sababu nyumba ilikaa miaka mingi na moto katikati ya ukumbi kabla ya kujengewa dohani, moshi ukitafuta njia kwenye paa. Nilipapasa, kidole kikatoka na weusi kidogo. Jikoni kwa bibi tungepigwa kofi kwa hilo.

Nyumba ile tuliibomoa wenyewe mwaka ambao mjomba alipata pesa. Tuliiita ya tope. Tukajenga ya tofali za saruji, yenye joto la mchana kutwa, na bibi akawa anakaa barazani mpaka usiku.

Saruji imewapa shida Waingereza nao. Katika karne ya 20 nyumba nyingi za aina hii zilipigwa lipu ya saruji kwa nia njema kabisa. Udongo na chokaa huvuta unyevu na kuutoa tena. Saruji inaufungia ndani, na mwaloni uliostahimili mvua karne nne ukaanza kuoza nyuma ya ukuta unaong'aa. Mafundi wanaojua kuta za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja watakueleza kisa hicho hicho bila kubadilisha neno. Uingereza ilikuwa na chama cha kutetea majengo ya kale tangu 1877, kilichoanzishwa na William Morris na wenzake, kikihubiri kwamba nyumba kuukuu itengenezwe, isifanywe mpya. Hata hivyo saruji ilipita. Ni rahisi mno kununua.

Siku ya kuondoka nilisikia kishindo uani. Paneli moja ya ukuta wa nyuma ilikuwa imefunguliwa, lipu ya saruji imebanduliwa na kurundikwa pembeni, fito mpya zimefungwa. Fundi, mzee mwenye buti za mpira, alikuwa anakanyaga udongo juu ya turubai pamoja na majani ya ngano na samadi ya ng'ombe. Akaniona ninavyomtazama miguu, akaniuliza kama nimewahi. Nikamwambia, kwa bibi. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia tu kwamba ukuta huu hukandikwa na watu wawili, mmoja ndani, mmoja nje, madonge yakutane katikati ya fito, na kwamba kijana wake yuko ndani peke yake.

Nikaweka begi chini, nikakunja mikono ya shati. Donge lilikuwa baridi kuliko nilivyotarajia, na zito, lenye harufu ninayoijua. Kutoka ndani mtu akagonga fito mara mbili kwa kidole. Nikarusha.