Paa Lilikuwa Linavuja

Nianze kwa kukiri: nilicheka. Picha iliingia kwenye simu nikiwa ndani ya taksi, natoka Mbale naenda Jinja kikazi. Nikacheka mpaka abiria wa pembeni akageuka kuniangalia.

Ni ule mchoro wa ukutani kwenye ukumbi wetu wa Mbale, tunapokutana na vijana kila Jumamosi. Aliuchora mzee mmoja Mkongomani kabla hajahamia Jinja. Mtumbwi uko katikati ya Ziwa Albert, watu wamebanana, na nyuma kabisa ameketi mama aliyejifunika kitenge. Sisi wa hapa tunajua ni nani. Ni mke wake mzee, ambaye hakufika ng'ambo.

Mvua ilishaanza kumla yule mama. Basi binti mmoja wa kundi letu, wa miaka 17, akanunua rangi ya mafuta kwa pesa yake akampaka upya. Macho yakatoka kama ya samaki. Simu zote za Mbale zikacheka.

Sitadanganya, kazi ni mbaya, na ubaya wake una sababu. Mzee alichora ule uso kwa mistari michache tu, ndiyo maana kila mtu alimwona mama yake mle. Binti akajaza kila kitu: kope, midomo, hata hereni. Alipoacha mzee pawe wazi, yeye akapaziba. Tena rangi ya mafuta hufungia unyevu ndani ya ukuta. Itakapobanduka, itaondoka na kilicho chini yake.

Lakini nikakumbuka kisa cha Borja, kule Hispania. Mwaka 2012 bibi wa miaka zaidi ya 80, Cecilia Giménez, alijaribu kuitengeneza picha ya Yesu ambayo Elías García Martínez aliichora kwenye ukuta wa kanisa. Unyevu ulikuwa umeibandua. Dunia ikamcheka, eti Yesu kageuka nyani. Bibi akaugua kwa wasiwasi. Mwenyewe alisema kazi alikuwa bado hajaimaliza. Baadaye watalii wakamiminika, kiingilio kikatozwa, na pesa zikasaidia nyumba ya wazee. Watu wanapenda mwisho huo mtamu. Mimi nabaki na swali: hao waliocheka walikuwa wapi wakati unyevu unakula ule uso?

Na sisi je? Tulipita mbele ya mtumbwi ule misimu miwili ya mvua. Wageni wa mashirika walisimama hapo wakapigwa picha. Aliyeona kwamba mama anapotea ni binti peke yake.

Huruma si kumpa kila mtu brashi. Kule Nyero, wilaya ya Kumi, kaskazini magharibi mwa Mbale, kuna maduara mekundu ambayo watu wa kale waliyachora kwenye mwamba. Hakuna mchoraji wa kumwuliza, kwa hiyo pale heshima ni kutogusa. Hata ukutani kwetu kazi ina utaratibu wake: zuia maji kwanza, piga picha ya hali ilivyo, jaribu pembeni kwa rangi inayoweza kufutwa, kisha gusa palipobanduka tu. Nani alimfundisha binti hayo? Hakuna. Na kiongozi wake ni mimi.

Jioni ile Jinja nilienda kwa mzee nikamwonyesha simu. Aliishika muda mrefu, hakusema kitu. Halafu akauliza:

"Paa wameshaziba?"

"Bado, mzee."

"Sasa huyo mtoto mnamchekea nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu.

Binti hajarudi kundini mpaka leo. Jumamosi hii tunapanda kuziba paa, ukuta ukauke kwanza, mengine mzee mwenyewe atakuja kuamua. Nimepita kwao nikamwomba mama yake amwambie kwamba tunahitaji mtu wa kushika ngazi.