Tovuti Isiyongoja Mkongo

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba kuanzia Dar es Salaam hadi Kigali. Wengi wanaikumbuka kama siku ambayo WhatsApp iligoma. Kwa sisi tunaotengeneza tovuti ilikuwa siku ya ukaguzi: faili gani tumeliweka wapi, na ukurasa hufanya nini faili hilo lisipofika. Sehemu kubwa ya kazi yangu ya mwaka huo ilitokana na siku ile. Naeleza hapa jinsi tovuti moja ilivyojengwa upya, kwa sababu naamini tumezoea kujengea wateja wetu tovuti za mtandao ambao hawana.

Tuanze na bahari. Seacom ulikuwa umeshajeruhiwa tangu tarehe 24 Februari, ulipokatika katika Bahari ya Shamu pamoja na mikongo mingine. Inaaminika uliburuzwa na nanga ya Rubymar, meli ya mizigo iliyoachwa ikielea baada ya kushambuliwa na Wahouthi. Njia yake ya kaskazini ikawa imefungwa, mzigo wake ukaelekezwa kusini. Mwezi Mei kusini nako kukakatika. Anayedhani lile lilikuwa tukio moja la bahati mbaya haoni kwamba tuliishi miezi karibu mitatu tukiegemea zaidi upande mmoja.

Lakini si kila kitu kilizimika. Watoa huduma wa Tanzania hubadilishana data hapa hapa Dar es Salaam kupitia kituo cha TIX, bila data hiyo kuvuka bahari. Kampuni kubwa za video nazo huweka nakala za maudhui yao ndani ya mitandao ya nchi, ndiyo maana kuna waliotazama video huku wakishindwa kufungua barua pepe. Kwa hesabu hiyo, tovuti ya chama kimoja cha akiba na mikopo, niliyokuwa nimekabidhiwa mapema mwaka ule ikiwa imeshajengwa na wengine, ilipaswa kufunguka bila taabu. Seva yake ilikuwa Dar. Wanachama wake wengi wako Dar, Kibaha na Morogoro.

Haikufunguka. Jumatatu asubuhi afisa mikopo alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwanangu, mtandao wa ofisi uko polepole lakini upo, tovuti za serikali nafungua. Hii yetu inabaki nyeupe tu. Wanachama wanauliza kama chama kimefungwa."

Swali lake la mwisho ndilo lililonikalisha kwenye kompyuta siku nzima. Mtu aliyeweka akiba yake mahali hauoni ukurasa mweupe kama hitilafu ya kiufundi. Anaona pesa yake imepotea.

Nilipofungua zana za ukaguzi za kivinjari, mambo yalikuwa wazi. Maandishi ya ukurasa, yaani HTML yenyewe, yalikuwa yameshafika kwenye simu, tena haraka, kutoka seva ya Dar. Kilichoyazuia kuonekana ni mistari minne iliyoandikwa juu kabisa ya ukurasa. Mmoja uliita fonti kutoka seva ya nje. Wa pili uliita faili la mwonekano (CSS) la fremuweki maarufu kutoka nje, wa tatu maktaba ya JavaScript, wa nne alama ndogo za simu na bahasha. Kivinjari kina kanuni: kikikutana na faili la CSS kwenye kichwa cha ukurasa, hakichori kitu hadi faili hilo lifike au lithibitike kushindikana. Ni mpishi ambaye wali umeshaiva lakini hapakui mpaka sahani ije kutoka ng'ambo.

Na sahani hiyo haiji kwa safari moja. Kivinjari huuliza kwanza anwani ya seva, kisha hufungua muunganisho wa TCP, kisha hukubaliana funguo za usimbaji kwa TLS, ndipo kiombe faili. Hata kwa TLS 1.3, iliyopunguza safari, ni kwenda na kurudi mara nne kabla baiti ya kwanza ya faili haijaingia. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za njia hugharimu milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 hula karibu nusu sekunde kwa salamu tu, tena mkongo ukiwa mzima. Mkongo ukikatika, pakiti hupotea njiani. Pakiti ya kwanza ya TCP isipojibiwa, simu husubiri sekunde moja na kujaribu tena, kisha mbili, kisha nne. Mwanachama wa Kibaha alikuwa anatazama weupe huku simu yake ikihesabu.

Hatua ya kwanza ya marekebisho ilikuwa kurudisha kila kitu nyumbani. CSS, JavaScript na alama vyote viliwekwa kwenye seva ile ile inayotoa ukurasa. Kuna hoja ya zamani ambayo vijana bado hufundishwa kwenye video: ukitumia maktaba kutoka seva maarufu, huenda mtumiaji tayari anayo kwenye akiba ya kivinjari kwa sababu alitembelea tovuti nyingine iliyoitumia. Hoja hiyo imekufa. Tangu Chrome 86, Oktoba 2020, akiba imegawanywa kwa tovuti, na Safari ilitangulia miaka mingi kabla. Faili lililopakuliwa kwa ajili ya tovuti moja halitumiki kwa nyingine hata kama anwani yake ni ile ile. Tunalipa gharama ya safari ya mbali bila kupata faida tuliyoahidiwa.

Fonti niliiondoa kabisa. Kiswahili hakina herufi inayokosekana kwenye simu yoyote, na fonti iliyomo kwenye Tecno ya mwanachama inasomeka vizuri. Mbunifu wa chama hakufurahi. Tulijadiliana kwa heshima, nikamwonyesha ukurasa ukifunguka kwenye mtandao wa 3G, akaridhia.

Kabla hata hatujamaliza, Juni ikaja na hoja nzito zaidi ya kasi. Tarehe 25 Juni ilitangazwa kwamba polyfill.io, huduma ambayo watengenezaji waliiita kwa mstari mmoja ili vivinjari vya zamani vielewe JavaScript mpya, ilikuwa inapachika msimbo wa hila kwenye kurasa za watu. Kikoa hicho kilikuwa kimenunuliwa Februari na kampuni iitwayo Funnull. Andrew Betts, aliyeuanzisha mradi huo, alikuwa ameshaonya mwezi huo huo kwamba watu waache kuutumia. Zaidi ya tovuti 100,000 zilikuwa bado zinauita. Hata kinga ya kuweka alama ya utambulisho wa faili, ambayo hukifanya kivinjari kikatae faili lililobadilishwa, haikuweza kusaidia, kwa sababu huduma ile ilitoa faili tofauti kwa kila aina ya kivinjari. Mstari mmoja wa kuita faili la mtu mwingine ni ruhusa ya kudumu, na mwenye nyumba anaweza kubadilika usiku mmoja. Tangu hapo sijahitaji kubishana na mteja kuhusu kuweka mafaili nyumbani.

Hatua ya pili ilikuwa sevisi woka, yaani hati ya JavaScript inayokaa kati ya ukurasa na mtandao ndani ya simu. Inapopokea ombi la faili, yenyewe huamua itoe nakala iliyohifadhi au iende mtandaoni. Wengi huinakili kutoka mafunzoni na kuifanya itoe nakala kwa kila kitu. Kwa tovuti ya mikopo hilo ni hatari. CSS na alama zinaweza kutoka kwenye akiba bila kuuliza, lakini ukurasa wa viwango vya riba lazima uulize mtandao kwanza, na ukishindwa ndipo utoe nakala, tena ikiwa na maneno juu yake yanayotaja tarehe nakala ilipohifadhiwa. Mwanachama ana haki ya kujua anasoma riba ya lini. Jambo jingine linalowatesa wengi ni kwamba toleo jipya la sevisi woka halianzi kazi mpaka vichupo vyote vya tovuti hiyo vifungwe, na watu hawafungi vichupo kwenye simu. Tukaweka taarifa ndogo chini ya ukurasa: kuna toleo jipya, bonyeza hapa.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonipa usingizi mchache, fomu ya maombi ya mkopo. Mwanachama anajaza, anabonyeza, mtandao unakata. Je, ombi limefika? Mara nyingine linafika kweli, seva inalipokea na kulihifadhi, ila jibu ndilo linalopotea njiani. Simu ikituma tena, chama kinapata maombi mawili ya mtu mmoja. Dawa yake ni ya zamani. Kila fomu inapofunguliwa, simu huitengenezea namba yake ya pekee kwa crypto.randomUUID, na kwa vivinjari vya zamani kidogo tunaiunda wenyewe kutokana na crypto.getRandomValues. Namba hiyo husafiri na fomu. Kwenye hifadhidata safu ya namba hiyo hairuhusu kujirudia. Ombi likija mara ya pili, seva haihifadhi jipya wala haitoi kosa. Inajibu tu kwamba ombi hili ninalo. Mwanachama anaweza kubonyeza mara kumi akitaka.

Fomu isiyotumwa hukaa ndani ya simu, kwenye IndexedDB, ikisubiri mtandao. Hapa afisa mikopo alitufunza jambo ambalo hakuna waraka wa kiufundi uliolitaja. Alisema wanachama wengi huazima simu, ya mume, ya jirani, ya kijana wa duka. Mshahara wa mtu ukibaki umehifadhiwa kwenye simu ya jirani, tumemdhuru. Kwa hiyo namba ya kitambulisho cha NIDA iliondolewa kwenye fomu na sasa huulizwa ofisini, rasimu hufutwa mara seva inapothibitisha kupokea, na kuna kitufe cha kufuta kila kitu, kikubwa, kinachoonekana.

Tovuti yenyewe inaendeshwa kwa Django, zana iliyozaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma Julai 2005. Inatunga HTML kamili kwenye seva, kwa hiyo fomu hufanya kazi hata JavaScript ikikosa kufika. Mwishoni mwa 2023 nilikuwa Zanzibar kwenye DjangoCon Africa ya kwanza, na kilichonibakia ni mazungumzo ya barazani kuliko mihadhara: nusu ya watu niliozungumza nao walikuwa wanafikiria kuacha mtindo huu wa kutunga kurasa kwenye seva kwa sababu unaonekana umepitwa na wakati. Septemba 2024 nikaenda Accra, kwenye PyCon Africa. Ghana nayo ilikuwa imepigwa tarehe 14 Machi, mikongo minne ya WACS, MainOne, ACE na SAT-3 ilipokatika karibu na Abidjan. Safari hii hakuna aliyezungumzia kupitwa na wakati. Tulikaa mezani tukilinganisha mafaili gani kila mmoja wetu alikuta yako nje ya bara, na tukagundua orodha zetu zinafanana sana, za Accra na za Dar.

Kuna jambo la vipimo ambalo bado halijazungumzwa vya kutosha. Mwezi Machi 2024 Google iliingiza kwenye vipimo vyake vikuu vya kurasa kipimo cha INP, kinachoangalia jinsi ukurasa unavyoitikia mguso, na kiwango kizuri ni milisekunde 200 au chini. Ni kipimo kizuri. Lakini takwimu hizi hukusanywa kwa waliofanikiwa kuufungua ukurasa. Aliyetazama weupe akakata tamaa haachi mguso wa kupimwa. Tovuti inaweza kung'ara kwenye ripoti huku wenye mtandao dhaifu wakiwa wameshaondoka, na kuondoka kwao ndiko kunakopendezesha takwimu. Kwa hiyo tuliongeza hesabu yetu ya upande wa seva: ni maombi mangapi ya HTML yaliyofuatwa na ombi la CSS, na mangapi yaliishia njiani. Kwa mgeni wa mara ya kwanza, ambaye simu yake haina nakala yoyote, pengo kati ya hizo mbili ndilo linalotuambia nani ameshindwa.

Kazi haijaisha. Kwenye Android, Chrome inaweza kuituma fomu yenyewe mtandao unaporudi hata kama ukurasa umefungwa. Safari ya iPhone haina uwezo huo, kwa hiyo mwenye iPhone lazima arudi kwenye tovuti na kubonyeza "Tuma sasa". Wapo wanaosahau. Tunachojaribu sasa ni kumwachia kwenye skrini, kabla hajatoka, maneno makubwa kwamba ombi lake halijaondoka kwenye simu, pamoja na namba ya afisa mikopo ya kupiga ikiwa ana haraka. Afisa mwenyewe ndiye aliyeomba namba hiyo iwekwe, na ndiye anayeipokea.