Tangi la kimo: hesabu huanzia kwenye kitako

Jirani yangu hapa Dar es Salaam alikuwa na pembe tupu sebuleni. Akamwendea fundi vioo, akaagiza tangi la kusimama: kitako sm 45 kwa 45, kimo sm 60. Ukizidisha unapata lita 121.5. Tangi la kulala lenye urefu wa sm 90, upana sm 45 na kimo sm 30 linabeba lita zile zile. Anayeanza kufuga akiona hivyo huamini matangi hayo mawili ni sawa, na samaki ndio wanaolipia kosa hilo.

Oksijeni ya tangi huingia hasa kupitia uso wa maji. Tangi la kulala lina uso wa sentimita za mraba 4,050. Tangi la jirani lina 2,025, nusu yake kamili. Sakafu nayo ni nusu. Msukumo wa maji kwenye kioo hufuata kina, kwa hiyo kule chini ni maradufu, ndiyo maana tulisisitiza kioo cha milimita 10. Maji, vioo na mawe kwa pamoja vilikaribia kilo 160, mzigo wote ukikalia eneo la kigae kimoja kikubwa. Stendi ya chuma ilinyooshwa kwa pimamaji kabla ya tone la kwanza kumwagwa.

Uamuzi ninaousifu zaidi ni kwamba samaki alichaguliwa kabla ya mapambo. Kwa tangi la aina hii wengi hukimbilia Pterophyllum scalare wa Amazon, mwenye mapezi marefu ya wima, na kimo kwa kweli humfaa. Jirani alitaka samaki wa Ziwa Tanganyika, nami nikafurahi. Tukamchagua Neolamprologus brichardi, ambaye wafugaji wa ng'ambo humwita binti mfalme wa Burundi. Ziwani huelea juu ya miamba akila viumbe vidogo vinavyopita na maji, na akitishwa huzama kwenye nyufa. Samaki wa namna hiyo hutumia ukuta wa mawe, siyo sakafu peke yake. Hapo kimo kikapata kazi.

Mawe ya chokaa yalipangwa kwenye pembe ya nyuma hadi sm 40, yakisimama juu ya kipande cha sponji ngumu ili yasipasue kioo. Mchanga ulifuata baadaye. Ukitangulia mchanga, samaki huchimba chini ya jiwe na mnara wote huanguka. Chokaa pia husaidia kuyaweka maji kuwa magumu na yenye pH ya juu, maana Tanganyika ina pH ya takribani 8.6 hadi 9.2. Mimea ilikuwa anubia tu, iliyofungwa kwenye mawe ya juu. Mwanga hupungua ukishuka sm 60, na mmea huu unavumilia.

Mzunguko wa maji ulihitaji fikra zaidi. Filta ilivuta maji karibu na mchanga na kuyamwaga juu, na mpira wa pampu ya hewa ukashushwa hadi chini ili mapovu yapande na maji mazito ya sakafuni. Pampu ya kwanza ilikuwa dhaifu, haikuweza kusukuma hewa kina hicho, ikabadilishwa. Umeme ukikatika, pampu ya betri hushika zamu. Hita haikununuliwa, joto la Dar linatosha. Arusha au Nairobi ningeinunua.

Kisha tukasubiri wiki tano bila samaki, tukidondosha chembe za chakula ili bakteria wapate amonia ya kula, waigeuze kuwa nitraiti, halafu nitreti. Kwa maji ya Tanganyika sikubali njia ya mkato hapa: pH ikiwa juu, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika umbo lenye sumu. Kiasi ambacho samaki wa maji laini angekivumilia kingewaua hawa. Vipimo viliposoma sifuri kwa amonia na nitraiti, ndipo wakaingia wadogo sita.

Baada ya miezi kadhaa wawili walijitenga na kumiliki mnara mzima. Wanne wakabanwa juu kabisa, kwenye kona ya filta, mapezi yamechanika. Tangi la kulala lingewapa pa kukimbilia, hapa hapakuwapo. Tuliwatoa siku hiyo hiyo.

Jozi iliyobaki imeshatotoa mara mbili. Kila wiki jirani hubadilisha lita 25 za maji yaliyolala nje usiku kucha ili klorini itoke, akinyonya uchafu kwa mpira mrefu, maana mkono haufiki chini bila kulowa hadi begani. Jana aliniita nitazame: watoto wa uzao wa kwanza, warefu kama kucha, wamesimama mbele ya ufa wakiwalinda wadogo zao.