Akili na Neno Maji

Mchezo wa katuni uitwao Akili and Me, utengenezwao na Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, humfuata Akili, msichana wa miaka minne akaaye chini ya Kilimanjaro. Alalapo huingia Lala Land, nchi ya ndoto, na huko yeye na rafiki zake wanyama hujifunza herufi, hesabu na maneno. Hana upanga wala mbawa. Ushujaa wake ni kutaka kujua. Sifa hiyo si haba, maana mashujaa wengi wa katuni hunena kwa ngumi.

Lakini neno lifundishwalo kwa picha na wimbo tu huelekea kuwa jina tupu. Chukua neno maji. Mtoto wa Kilwa Kivinje, kabla hajajua kusoma, hujua kuwa maji hupwa na kujaa. Kwamba siku za bamvua mwamba huwa wazi, wanawake wakatoka na vijiti kutafuta pweza. Na kwamba maji mafu hayafiki mbali. Neno hilo hilo, mwaka 1905, lilitoka kwa Kinjikitile huko Ngarambe likawainua Wamatumbi wakang'oa pamba, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akaitungia utenzi vita iliyofuata.

Nchi ya ndoto hufaa kila taifa, na yamkini ndiyo sababu mchezo huu umetafsiriwa kwa lugha kadhaa. Ila nchi hiyo haina bamvua. Kwa herufi na tarakimu Akili ni mwalimu mwema. Maana ya maji aulizwe mama arudiye kutoka mwambani na tenga lake, kabla bahari haijajaa.