Maji, Joto na Muda: Uchambuzi wa Upishi wa Uji wa Oti

Uji wa oti husifiwa kwa mambo mawili ambayo mara nyingi hutajwa kana kwamba yanagombana: kwanza kwamba unafaa kwa afya ya moyo, na pili kwamba ukipikwa na mtu anayeujua ni chakula kitamu. Uchambuzi huu unashikilia kwamba sifa hizo mbili zina asili moja, nayo ni namna maji, joto na muda vinavyoitendea punje, na kwamba sehemu kubwa ya sukari inayotiwa katika bakuli la oti siku hizi ni fidia ya ladha iliyopotezwa kwa haraka, ama kiwandani ama jikoni.

Oti, ambayo wataalamu wa mimea huiita Avena sativa, ni nafaka inayopenda ubaridi na mvua, na ndiyo maana ilishika mizizi Uskoti, mahali ambapo ngano ilipata shida kukomaa. Katika nyanda za juu za Kenya hulimwa zaidi kuwa malisho ya ng'ombe, na walaji wengi wa Afrika Mashariki huijua ikiwa tayari ndani ya pakiti. Gramu 100 za oti kavu huwa na takriban gramu 13 za protini, gramu 7 za mafuta na gramu 10 za nyuzinyuzi. Kiasi hicho cha mafuta ni kikubwa kwa nafaka, tena punje yenyewe imejaa lipasi, yaani kimeng'enya kinachovunja mafuta. Punje ikikobolewa na kusagwa ikiwa mbichi, kimeng'enya hicho huyafikia mafuta na unga huwa mchungu katika muda mfupi. Kwa sababu hiyo viwanda huipitisha oti katika mvuke na joto kavu kabla ya kuikata au kuisaga, hatua inayoua lipasi na wakati huohuo kuzaa harufu ya kokwa zilizokaangwa ambayo watu wengi hudhani ni ya asili. Kwa maneno mengine, hakuna oti mbichi dukani, na nusu ya upishi imekwisha kufanyika kabla mpishi hajawasha moto.

Kiungo kinachoipa oti hadhi yake katika sayansi ya lishe ni beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi inayoyeyuka katika maji na kuyafanya yavute kama mlenda. Huwa ni takriban gramu 4 katika kila gramu 100 za oti kavu, na hukaa hasa katika kuta za seli za punje. Ikifika katika utumbo ikiwa imeyeyuka, utelezi wake huzinasa asidi za nyongo na kutoka nazo, kisha ini hulazimika kuchukua lehemu kutoka katika damu ili kutengeneza nyongo mpya. Utelezi huohuo huchelewesha wanga kufikiwa na vimeng'enya, hivyo sukari hupanda polepole katika damu. Ni kwa msingi huo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu mwaka 1997 bidhaa za oti zitaje kwenye pakiti uhusiano wake na kupungua kwa hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa kipimo cha gramu 3 za beta-glukani kwa siku, na wataalamu wa Ulaya wakakubali kipimo hichohicho baadaye. Gramu 3 hizo zinahitaji takriban gramu 75 za oti kavu. Bakuli la kawaida hutumia gramu 40, na kwa hiyo bakuli moja la asubuhi hutimiza nusu tu ya kipimo kinachotajwa.

Ikumbukwe kwamba beta-glukani iliyobaki imefungwa ndani ya seli haifanyi kazi sawasawa na ile iliyotoka na kuyafanya maji kuwa mazito. Hapo ndipo ladha na afya zinapokutana, kwa kuwa ulaini anaoufurahia mlaji ulimini ni dalili kwamba beta-glukani imeyeyuka.

Umbo la punje huamua mengi. Kwa muda mrefu Waskoti walisaga oti kwa mawe kuwa unga wa chengachenga, na umbo jingine ni chenga zenyewe, yaani punje nzima iliyokobolewa na kukatwa kwa chuma vipande viwili hadi vinne. Mageuzi yalitokea Ohio, Marekani, ambako Ferdinand Schumacher, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianzisha kinu chake cha oti mjini Akron katika miaka ya 1850, wakati Wamarekani wengi bado waliiona nafaka hiyo kuwa chakula cha farasi. Baada ya muda ikajulikana kwamba punje ikilainishwa kwa mvuke na kupitishwa kati ya magurudumu mazito ya chuma hugeuka kipande bapa kinachoiva kwa dakika kumi badala ya nusu saa. Kutoka hapo viwanda viliendelea kuikata punje vipande vidogo zaidi na kuibapa nyembamba zaidi, hadi ikapatikana oti ya papo hapo inayohitaji kumwagiwa maji ya moto tu.

Kila hatua ya kuharakisha ilikuwa na gharama yake. Mwaka 2015 Susan Tosh na YiFang Chu walichapisha katika jarida la British Journal of Nutrition mapitio ya tafiti kuhusu kielezo cha glisemia, yaani kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari ya damu kikilinganishwa na glukosi, ambayo hupewa 100. Uji wa oti bapa kubwa ulikuwa na wastani wa 53 na ule wa chenga 55, lakini oti za kuiva haraka zilifika 71 na za papo hapo 75. Nafaka ni ileile na beta-glukani yake haijaondolewa; kilichobadilika ni ukubwa wa vipande na kiasi ambacho wanga umeivishwa mapema kiwandani, hata ukawa wazi kwa vimeng'enya vya tumbo. Tofauti kati ya chenga na bapa kubwa haina uzito wowote, na mpishi asiyepata chenga madukani hana cha kujutia. Tofauti inayostahili kuangaliwa ni kati ya hizo mbili na zile za papo hapo.

Upishi uliochunguzwa kwa ukali kuliko mwingine wote ni ule wa kijiji cha Carrbridge katika milima ya Uskoti, ambako tangu mwaka 1994 hufanyika mashindano ya dunia ya kupika uji, na tuzo yake huitwa Golden Spurtle. Katika shindano kuu vinaruhusiwa vitu vitatu tu: oti isiyobapwa, maji na chumvi. Sharti hilo ni somo zuri la ufundi, kwa kuwa mpishi aliyenyimwa maziwa, sukari na matunda hubaki na maji, joto na muda peke yake. Njia ya jadi ni kuchemsha maji kwanza, takriban vipimo vitatu au zaidi kidogo kwa kipimo kimoja cha unga, kisha kuunyunyiza unga kwa mkono mmoja kama mvua nyepesi huku mkono mwingine ukikoroga bila kukoma. Kila chembe ikikutana na maji yanayochemka peke yake, hulowa kabla ya kushikana na jirani yake. Unga ukimwagwa kwa mkupuo, wanga wa nje ya bonge huvimba na kufunga njia ya maji, na katikati hubaki pakavu. Hayo ndiyo madonge, na kukoroga baadaye hakuyaondoi yote.

Spurtle yenyewe ni kijiti cha mviringo kisicho na ubapa kama wa mwiko, nacho hupita katika uji bila kuukandamiza wala kuusukuma wote kwa pamoja. Anayepika Tanga au Kisumu hana haja ya kukitafuta, maana mpini wa mwiko uliogeuzwa hufanya kazi hiyohiyo. Kwa dakika chache za mwanzo uji huonekana mwepesi kupita kiasi na kumshawishi mpishi aongeze oti, naye avumilie, kwa sababu wanga wa oti huanza kuvimba na kuvuta maji penye joto la takriban nyuzi 60 za Selsiasi, ilhali beta-glukani huchelewa kutoka katika kuta za seli. Baadaye mapovu hubadilika: badala ya kuchemka kwa fujo juu ya maji, huinuka moja moja na kupasuka kwa uzito. Hapo moto hupunguzwa na sufuria hufunikwa. Chumvi hutiwa katikati ya upishi, na maelezo ya wapishi wa jadi ni kwamba ikitangulia huikaza punje. Lakini faida iliyo wazi zaidi ni kwamba mpishi huionja baada ya maji kupungua, na hivyo hazidishi. Robo ya kijiko cha chai hutosha mabakuli mawili. Chumvi hiyo haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa ndiyo inayoifanya ladha tamu ya asili ya nafaka isikike, na bakuli lisilo na chumvi kabisa ndilo linaloita sukari nyingi.

Katika meza ya zamani ya Uskoti, maziwa au malai baridi yaliwekwa katika bakuli la pembeni, na kila kijiko cha uji wa moto kilichovywa humo kabla ya kuliwa. Ni desturi ya busara, kwani uji haupozwi wala hauzimuliwi, na maziwa machache hutosha. Sababu nyingine ya kutopika kwa maziwa matupu tangu mwanzo ni kwamba maziwa hushika chini ya sufuria na kuungua kabla punje hazijavimba. Anayetaka uji wa maziwa aanze na maji, kisha ayatie maziwa dakika tatu za mwisho. Tui jepesi la nazi hufuata kanuni ileile, ingawa mafuta yake ni mazito na mwenye kujali lehemu alitumie kwa kiasi.

Ufundi mwingine wenye manufaa makubwa kuliko juhudi yake ni kuikaanga oti bapa bila mafuta, katika kikaango kikavu juu ya moto wa wastani, kwa dakika tatu hadi tano mpaka inukie. Protini na sukari za punje huungana kwa joto na kuzaa ladha za kokwa na mkate uliookwa. Oti iliyokaangwa hivyo haisagiki haraka katika maji na hubaki na kitu cha kutafuna.

Njia nyingine, isiyotumia moto, ilizaliwa Zürich, Uswisi, karibu na mwaka 1900, kwa daktari Maximilian Bircher-Benner, aliyewalisha wagonjwa wake chakula kilichokuja kuitwa muesli. Atakayesoma kipimo chake cha asili atashangaa, kwa kuwa ni kijiko kimoja tu cha oti kilicholowekwa usiku katika vijiko vitatu vya maji, kisha kikachanganywa na tofaa zima lililokwaruzwa na maganda yake, maji ya limau, kijiko cha maziwa ya kopo na kokwa zilizosagwa. Kilikuwa chakula cha tofaa chenye oti kidogo, na kile kinachouzwa leo kwa jina hilo kimegeuza uwiano huo juu chini. Oti bapa huweza kulika bila kupikwa kwa sababu mvuke wa kiwandani umekwisha kuivisha sehemu ya wanga wake. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, hata hivyo, oti iliyolowekwa kwa maziwa isilazwe mezani. Ilowekwe kwa mtindi ndani ya jokofu, au kwa maji kisha ichemshwe asubuhi.

Limau la Bircher-Benner lina kazi nyingine. Oti ina asidi fitiki, kiungo kinachoyashika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe vizuri, na joto la kiwandani huua kimeng'enya ambacho kingeivunja, hivyo kuloweka kwa maji matupu huipunguza kidogo tu, tofauti na wengi wanavyoamini. Vitamini C husaidia chuma kufyonzwa licha ya asidi hiyo, na papai, embe au maji ya ndimu yanatosha kwa kazi hiyo, ilhali chai inayonywewa pamoja na uji huzuia ufyonzaji huo na ni bora isubiri saa moja. Kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, ambacho nchini Tanzania kimependekezwa tangu miaka ya 1980 kwa uji wa watoto, kinaweza kutiwa katika oti ya mtoto pia, kwani hukata wanga na kuufanya uji mzito unyweke. Mtu mzima anayetafuta utelezi uleule wa kupunguza lehemu hana sababu ya kukitumia.

Vikolezo vya pwani huikubali oti kwa urahisi. Iliki iliyopondwa itiwe mwishoni ili harufu isipotee na mvuke. Tende mbili zilizokatwakatwa zitiwe mwanzoni ziyeyuke na kuchukua nafasi ya sukari. Ndizi mbivu ipondwe ndani ya uji ukiwa bado motoni. Karanga au korosho zilizokaangwa huongeza protini na kupunguza zaidi kasi ya sukari. Oti huweza pia kupikwa kwa kitunguu, nyanya na mchicha, na kwa mwenye kisukari huenda hilo ndilo bakuli bora kuliko yote. Mgonjwa wa siliaki, ambaye mwili wake hauvumilii gluteni ya ngano, atumie tu oti iliyothibitishwa kutochanganyika na ngano shambani au kinuni.

Mnunuzi na asome ubavu wa pakiti kabla ya kulipa: kama orodha ya viungo ina kitu kimoja tu, oti, na vipande vyake ni vikubwa vya kuonekana, anunue; kama sukari imetajwa humo, airudishe rafuni.