Santuri, Mkarara na Fanani: Muziki wa Soul na Nyimbo za Olenguruone

Utangulizi

Kwa muda mrefu wahakiki wa fasihi simulizi wameitazama santuri kwa jicho la shaka. Hoja yao inajulikana. Wimbo wa fasihi simulizi huishi katika utendaji, mbele ya hadhira, na kila unapotendwa hubadilika. Santuri huunasa mara moja tu na kuufanya usibadilike tena. Kwa mtazamo huo, apendaye santuri anapenda maiti ya wimbo, na mcheza santuri, yaani DJ, ni mwendesha mashine asiyestahili kuitwa fanani. Shaka hiyo huongezeka santuri zenyewe zinapokuwa za kigeni, kama zilivyo santuri za soul kutoka Marekani. Mnamo Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam kwa amri ya mkuu wa mkoa, kwa madai kwamba ulipotosha vijana na kudhuru utamaduni wa taifa. Amri hiyo ilikuwa ya kisiasa, lakini fikra iliyoizaa imo pia katika uhakiki: kwamba wimbo wa kigeni uliochapwa kwenye sahani hauna nafasi katika mila ya masimulizi ya Kiafrika.

Makala haya yanapinga fikra hiyo. Yanadai kwamba mcheza santuri anaporudia kipande, kuunganisha nyimbo na kuunda rimiksi, anatenda tendo la kifanani ambalo soul yenyewe ilizaliwa nalo, na ambalo wenyeji wa milima ya Mau walilitenda zamani bila kumwiga yeyote. Hata hivyo, yanaonyesha pia udhaifu mmoja wa mapenzi ya santuri: huweza kupenda kile tu kilichowahi kurekodiwa. Udhaifu huo unaonekana wazi ukitazamwa kutoka Olenguruone.

Soul kama utungo juu ya utungo

Mnamo Novemba 1954 Ray Charles alirekodi "I Got a Woman" mjini Atlanta. Wimbo huo uliegemea wimbo wa injili wa kundi la Southern Tones, "It Must Be Jesus". Mwendo, msisimko na namna ya sauti kuitana vilitoka kanisani; maneno yakawa ya mapenzi ya dunia. Wapo waumini waliochukizwa, wakaona kwamba kitu kitakatifu kimeibwa. Lakini katika tendo hilo la kushika tuni inayojulikana na kuitia maneno mapya ndimo wengi wanamoona mwanzo wa soul.

Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa tendo hili. Utenzi mpya huweza kughanwa kwa mahadhi ambayo hadhira imeyajua tangu utotoni, na raha ya msikilizaji hutokana na kukutana kwa uzoefu wa sikio na ugeni wa maneno. Ubunifu haupimwi kwa kuuliza kama tuni ni mpya. Hupimwa kwa kuuliza tuni hiyo imefanyishwa kazi gani ambayo haikuifanya awali.

Hatua ya pili ilichukuliwa na wacheza santuri wenyewe. Tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx jijini New York, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyejulikana kama Kool Herc alipiga muziki katika sherehe ambayo sasa huhesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop. Herc alikuwa amegundua kwamba wachezaji walingojea kipande kimoja kifupi katika santuri za James Brown na wenzake, pale ambapo sauti nyingine hunyamaza na kubaki ngoma. Akatumia nakala mbili za santuri ile ile: kipande kilipokwisha katika sahani moja, sahani ya pili ilikianza upya. Sekunde chache zikawa dakika kadhaa.

Jambo la msingi hapa ni chanzo cha uamuzi huo. Urefu wa kipande uliamuliwa na miguu ya wachezaji, na mcheza santuri alisoma uwanja kama kiongozi wa ngoma anavyosoma duara la waitikiaji kabla ya kuamua kama mkarara urudiwe au ubeti mwingine uingie. Santuri ya mizunguko 78 yenye upana wa inchi 10 ilibeba dakika tatu hivi kwa kila upande, na ile ndogo ya mizunguko 45 ilifuata takriban kipimo hicho hicho. Kipimo hicho kiliwekwa na kiwanda. Kwa kukivunja, mcheza santuri aliurudishia wimbo sifa ambayo wahakiki wanasema santuri imeiua: wimbo ukarefuka au kufupika kulingana na hadhira iliyopo.

Afrika Mashariki nayo haikuipokea soul kwa mikono mitupu. Kutoka Mombasa, Slim Ali na Hodi Boys waliiimba wenyewe katika miaka ya 1970 kwa ustadi uliowafanya wakubalike mbali na Pwani. Lakini ushahidi ulio mzito zaidi unatoka bara, na ni wa zamani kuliko soul yenyewe.

Chemirocha: sahani inayogeuzwa ngoma

Upande wa magharibi wa Olenguruone, ng'ambo ya msitu wa Mau na mashamba ya chai, kuna Kapkatet, katika iliyokuwa wilaya ya Kericho. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyezaliwa Uingereza na kufanya kazi Afrika Kusini, alirekodi hapo nyimbo za Wakipsigis. Miongoni mwake zilikuwamo kadhaa zenye jina "Chemirocha". Mashuhuri zaidi ni ile iliyoongozwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ikiandamana na kinubi kiitwacho chepkong.

Jina hilo lilikuwa la mtu halisi. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, alikuwa amefika kwa Wakipsigis kupitia gramafoni. Sauti ilisikika, mwenye sauti hakuonekana. Jina lake likapitia matamshi ya Kikipsigis na kupata mwanzo wa "Che-", unaosikika katika majina mengi ya jamii hiyo, hasa ya kike. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu mnyama, wakimwalika acheze nao.

Wahakiki wengi wameusimulia wimbo huu kama kichekesho cha watu wasiojua gramafoni. Usomaji huo ni mwepesi mno. Kiumbe aliye nusu na nusu ni wa kawaida katika ngano. Ni umbo ambalo fasihi simulizi huwapa wale wasio na mahali kamili katika jamii. Mtu mwenye sauti bila mwili hakuwa na mahali. Wasichana wa Kapkatet walimpa mwili, wakampa jina la kwao, kisha wakamwingiza katika duara la ngoma, ambamo sheria zao ndizo zinazotawala. Hawakuiga uimbaji wa Rodgers. Walichukua tukio zima la kusikia sahani, wakalifanya malighafi ya utungo. Kama rimiksi ni kuichukua sauti iliyochapwa na kuifanyisha kazi mpya kwa ajili ya hadhira mpya, "Chemirocha" ni rimiksi isiyohitaji mashine.

Kuna kinaya hapa. Tracey alitafuta muziki wa asili ambao haukuguswa na Magharibi, na aliuhifadhi katika mfululizo wa santuri zaidi ya 200 chini ya maktaba ya ILAM aliyoiasisi mwaka 1954. Hata hivyo, mojawapo ya rekodi zake zinazopendwa zaidi ni wimbo uliozaliwa na santuri ya Mmarekani. Katikati ya miaka ya 2010, ILAM na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha rekodi hizo kwa jamii zilikotoka, Kapkatet ikiwemo. Sahani iliyopita kutoka Marekani hadi Kericho ikawa ngoma, ngoma ikawa sahani huko Afrika Kusini, na sahani ikarudi kusikilizwa na watoto na wajukuu wa waimbaji. Hakuna hatua katika safari hiyo inayoweza kuitwa mwisho wa wimbo.

Nyimbo zisizo na sahani

Mwaka huo huo wa 1950, upande huu wa msitu, nyimbo nyingine ziliimbwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha makazi ya Olenguruone mwaka 1941 kwa ajili ya Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji wenye masharti; wao walishikilia kwamba ardhi hiyo ni fidia ya mashamba yaliyopotea Kiambu, kwa hiyo ni mali yao kamili. Waliapishana, wanawake na watoto wakiwemo, jambo ambalo Tabitha Kanogo katika utafiti wake wa 1987 analihusisha na mizizi ya Mau Mau. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, na wengi wakapelekwa kutoka baridi ya Mau hadi ukame wa Yatta.

Wanawake wa Olenguruone walitunga nyimbo juu ya kufukuzwa huko. Baadhi ya maneno yake yalichapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza katika kitabu cha Carl Rosberg na John Nottingham cha mwaka 1966. Msafara wa Yatta haukufuatwa na chombo cha kurekodi. Msomaji anapata maneno bila tuni na kiitikio bila waitikiaji. Hawezi kujua sauti ilipanda wapi.

Ukimya huo haukutokana na uduni wa nyimbo. Katika miaka iliyofuata, waimbaji wa Mau Mau walitia maneno ya siasa katika tuni za nyimbo za Kikristo, kama Louis Leakey alivyoeleza katika kitabu chake cha 1954. Kwa asiyejua lugha, ibada ilikuwa ikiendelea. Mwaka huo huo Ray Charles alikuwa Atlanta akitenda tendo hilo hilo kwa ajili ya mapenzi. Mbinu ni moja. Kilichotofautiana ni nani aliyeruhusiwa kuingia studio. Wimbo wa mapenzi ulichapwa kwa maelfu. Wimbo wa ardhi uliweza kumpeleka mwimbaji wake kizuizini.

Wajibu wa mcheza santuri

Hapa ndipo mapenzi ya santuri yanapopaswa kuhojiwa. Mkusanyaji hupenda kusema kwamba anaokoa sauti zisipotee. Ni kweli, lakini anaokoa zile ambazo tayari ziliwahi kuchaguliwa na mfanyabiashara, mtafiti au serikali. Hata ndani ya zilizochaguliwa kuna daraja: Chemutoi Ketienya ametajwa kwa jina, wenzake wakabaki "wasichana wa Kipsigis". Mcheza santuri anayeunda rimiksi bila kutaja aliowachukulia sauti huongeza safu nyingine juu ya ukimya huo. Fanani wa jadi aliyepokea wimbo aghalabu alimtaja aliyempa, na desturi hiyo haina sababu ya kukoma kwa kuwa kuna umeme.

Katika eneo la Olenguruone suala hili lina uzito wa pekee. Molo na Kuresoi zimepitia mapigano ya 1992, ya 1997 na ya 2007 hadi 2008, na madai juu ya ardhi yamekuwa sehemu ya kila mzozo. Mahali kama hapo, kuufuatisha wimbo wa Kikipsigis na wa Kikikuyu, kisha soul ambayo hakuna jamii inayodai kuwa yake, ni kutunga hoja kwa mpangilio. Hadhira huisoma hoja hiyo hata kama mpigaji hakukusudia, na inaweza kuikubali kwa kucheza au kuikataa kwa kukaa.

Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba santuri ni kumbukumbu ya utendaji mmoja, na kwamba wimbo huendelea kuishi pale mtu anapoifanyisha sahani kazi mbele ya watu. Kwa msingi huo mcheza santuri anastahili kuchunguzwa kwa vigezo vile vile vya fanani: uteuzi, mpangilio, mwitikio wa hadhira na uaminifu kwa waliomtangulia. Idara za fasihi zinazofundisha "Chemirocha" zingefaa kuisomesha sambamba na nyimbo za Olenguruone, na kuwatuma wanafunzi Mau na Yatta kuwauliza wazee kama tuni zake bado zinakumbukwa. Waliokuwa wasichana mwaka 1950 ni wachache sasa.